Wapeni vijana uwanja, na ufunguo wake

Wasikilizaji watatu wa kipindi changu wameniandikia mwezi huu, mmoja kutoka Kayole, mwingine Huruma na wa tatu Eastleigh. Hawajuani, lakini barua zao ni kama zimetoka kwa mkono mmoja. Katika mtaa wa kila mmoja wao kuna kipande cha ardhi kilichobaki kati ya nyumba, ambapo zamani watoto walikuwa wakicheza. Leo kipande hicho kina lundo la takataka na maji machafu ya mtaro uliopasuka, na usiku hakuna anayethubutu kukipita. Wote watatu wanamalizia kwa swali lile lile: vijana tunao tele, wameketi kwenye kona tangu asubuhi, mbona hawashiki sepeto wakapasafisha?

Ni swali la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile la kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Hilo la uvivu nimelisikia mara nyingi barazani, na kwa kawaida hutolewa na mtu ambaye mwenyewe hajaokota hata ganda la ndizi.

Kabla ya kuwaangalia vijana, tuiangalie ardhi yenyewe. Waandishi wote wa barua hizi wanasema kwamba kipande hicho hakina mwenyewe. Sivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na kinasema kwamba ile iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Maana yake ni kwamba mwenyewe ni wewe na jirani yako, na kaunti ni mdhamini tu. Lakini mahali panaposemwa mchana na usiku kwamba hapana mwenyewe huwa na safari inayojulikana. Kwanza hugeuka jaa. Kisha, watu wakishazoea kwamba ni jaa, siku moja huamka wakakuta ua wa mabati, na nyuma yake mtu mwenye karatasi. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004, na ndani yake mlikuwa na viwanja vya michezo, sehemu za masoko na hata ardhi za vyoo vya umma. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kusafisha uwanja wa mtaa hatuzungumzi juu ya usafi tu. Tunazungumza juu ya kama uwanja huo utakuwepo miaka kumi ijayo.

Sasa tuje kwa vijana. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wanne, watatu hawajafika umri wa miaka 35. Mtaani, hao ndio wanaokaa nje. Mzee ana nyumba yake, mama ana biashara yake. Kijana asiye na kazi na anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano, sebule yake ni barabara. Hakuna anayeujua uwanja kuliko yeye. Anajua maji hutuama wapi mvua ikinyesha, na taa ipi ilivunjwa na ni nani aliyeivunja. Hata hivyo, mipango inapofanywa, yeye huitwa mwisho, na anaitwa kwa ajili ya mikono yake.

Nimehudhuria siku za usafi nyingi kikazi, nikiwa na kinasa sauti mkononi, na nyingi zinafanana. Vijana wanafika saa mbili, wanagawiwa fulana na reki. Mgeni wa heshima anafika saa tano. Anafagia kwa muda wa kupigwa picha tatu, anahutubia kwa muda wa nusu saa, soda zinanywewa, na lori lililoahidiwa kuja kuzoa takataka halionekani. Takataka zilizokusanywa vizuri katika malundo zinabaki kando ya barabara, na kufikia Jumatano mbuzi na upepo wamekwisha zirudisha zilikotoka. Mwaka unaofuata vijana wachache zaidi wanajitokeza, na wakubwa wanasema: mnaona, hawataki kazi.

Kuna mtaalamu mmoja, Roger Hart, aliyeandika kijitabu kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992 kuhusu namna watoto na vijana wanavyoshirikishwa. Alichora ngazi yenye vidato vinane, akifuata mfano wa ngazi kama hiyo iliyochorwa na Mmarekani Sherry Arnstein mwaka 1969 kuhusu wananchi kwa jumla. Vidato vitatu vya chini, anasema Hart, si ushirikiano hata kidogo. Cha kwanza ni vijana kutumiwa kwa jambo wasilolielewa. Cha pili ni kuwa pambo: wanavikwa fulana na kupangwa mstari. Cha tatu ni kuwa na mwakilishi wa jina tu, kijana mmoja anayeketishwa mezani ambaye hajachaguliwa na yeyote na hana la kuamua. Siku ya usafi niliyoieleza hapo juu iko kidato cha pili, na huo ni ukarimu wangu. Jambo ambalo wengi hulikosa katika ngazi ya Hart ni kidato cha juu kabisa. Wengi hudhani pale juu vijana wako peke yao, wazee wamefukuzwa. La hasha. Pale juu vijana ndio walioanzisha jambo, na wanaamua pamoja na watu wazima.

Ngazi ni mchoro tu. Hapa kwetu Nairobi tunayo mifano ambayo imekwisha jaribiwa kwa miaka mingi, na nitaanza na ule wa zamani zaidi.

Mwaka 1987, katika bonde la Mathare, kulianzishwa Mathare Youth Sports Association, ambayo watu wengi huijua kwa herufi zake, MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro, alikuwa Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira. Watoto wa Mathare walitaka mpira na ligi, na mtaa ulikuwa umezama katika takataka. Kilichofanyika ni kuunganisha mambo hayo mawili katika jedwali moja la ligi. Timu ikishinda mchezo ilipata alama tatu, ikitoka sare alama moja. Lakini ikimaliza kazi ya usafi iliyopangiwa katika mtaa wake ilipata alama sita. Fikiri kidogo juu ya hesabu hiyo. Timu iliyoshinda michezo yake yote lakini ikakimbia takataka ingeweza kupitwa na timu dhaifu iliyoshika sepeto na wilibaro. Hakuna hotuba iliyohitajika. Kapteni mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwagongea wenzake mlango asubuhi, kwa sababu alikuwa akihesabu alama.

Lakini siri ya Mathare haikuwa alama peke yake, na hapa ndipo wengi walioiga wameanguka. Vijana ndio walioendesha ligi. Walichagua kamati zao katika kila sehemu ya mtaa, na viongozi wengi walikuwa wa umri wa kwenda shule. Walipanga ratiba, wakaamua adhabu, wakagawa kazi. Aliyejitolea alijikusanyia alama zake binafsi, ambazo zingeweza kumpatia msaada wa karo, na karo hiyo ililipwa shuleni moja kwa moja. Wasichana waliingia katika soka mwaka 1992, jambo lililowashangaza wazazi wengi wakati huo. Mwaka huo huo, katika mkutano mkuu wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, shirika la UNEP liliitunuku MYSA tuzo yake ya Global 500. Timu yao ya wakubwa, Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Sisemi kwamba Mathare leo ni safi. Aliyepita huko anajua. Nasema kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini watoto wa hapo wamekuwa wakizoa takataka ambazo mwenye jukumu la kuzizoa hakuzizoa, na hawajachoka, kwa sababu kazi ile ni sehemu ya kitu wanachokiendesha wenyewe.

Mfano wa pili uko Dandora, na una somo tofauti.

Watu wa nje wakisikia Dandora wanafikiria jaa. Jiji lilianza kumwaga taka pale katika miaka ya sabini, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Mwaka 2001 jaa lilitangazwa kwamba limejaa, na malori hayakusita hata siku moja. Lakini Dandora yenyewe ilizaliwa kwa mpango mzuri. Ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti zipatazo 6,000, kila moja ikiwa na choo na bafu, na mwenye ploti ajijengee vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Wapangaji wa mji walizipanga nyumba nyingi zizunguke viwanja vidogo vya pamoja, ili watoto wacheze mbele ya macho ya mama zao. Kwenye karatasi ni jambo la kupendeza sana. Ila hakuna aliyesema ni nani atakayevitunza viwanja hivyo. Mwenye nyumba alisema ni vya jiji, jiji likasema ni vya wenye nyumba. Nyumba zikapanda ghorofa, wapangaji wakaongezeka, na viwanja vikajaa matope, magari mabovu na vijana wa kupora simu.

Miaka kumi na kitu iliyopita kikundi cha vijana kinachojiita Mustard Seed kilichukua kiwanja kimoja cha namna hiyo, kile kilichokuwa mbele ya nyumba walimozaliwa. Walizoa taka, wakapanda maua na miti, wakapaka rangi kuta, wakatengeneza mahali pa watoto kuchezea na wakaweka lango. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko maua yote. Walikwenda nyumba hadi nyumba wakakubaliana na wakazi juu ya ada ndogo ya kila mwezi, kwa ajili ya usafi na ulinzi. Ghafla uwanja ukawa na kazi ndani yake, na kijana ambaye majirani walikuwa wakimwogopa akawa ndiye anayelinda lango. Baadaye yakaja mashindano ya kubadili sura ya mitaa, viwanja vingine vikaingia, na Dandora ikaanza kutembelewa na watu wa vyuo vikuu na wa UN-Habitat, wanaotoka Gigiri kwa gari kuja kujifunza.

Najua utakayoniuliza, na umeulizwa barazani pia: je, lango na ada si mwanzo wa genge? Leo ni shilingi za usafi, kesho ni kodi ya kupita. Hofu hii ina msingi. Katika mitaa kadhaa ya jiji hili tumewaona vijana walioanza kwa ulinzi wakaishia kwa kutoza watu kwa nguvu. Tofauti kati ya hizi mbili haionekani kwenye rangi za ukuta. Inaonekana kwenye daftari. Kikundi ambacho mapato na matumizi yake yamebandikwa mahali ambapo mama yeyote anaweza kuyasoma, na ambacho kamati yake ina wazee na akina mama wa pale pale, ni vigumu kugeuka genge. Kikundi ambacho fedha zake zinajulikana na mwenyekiti peke yake kimekwisha anza safari hiyo, hata kama bustani yake inanukia waridi. Na kiwanja chenye lango kibaki wazi kwa mpita njia mchana. La sivyo tumewanyang'anya umma kwa mkono mwingine.

Wengine watasema dawa ni serikali iwalipe vijana. Ilijaribiwa. Mwaka 2020, korona ilipofunga riziki za watu, serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani. Awamu yake ya pili iliajiri vijana zaidi ya laki mbili na nusu nchini kote, kwa malipo ya shilingi 455 kwa siku. Sitaubeza mpango ule. Nyumba nyingi zilipata unga kwa sababu yake, mitaro ilizibuliwa na majaa yakaondolewa. Lakini kazi ilipangwa na maofisa, na kijana alikuwa kibarua wa siku. Mpango ulipofikia kikomo mwaka 2022, sehemu nyingi zilizosafishwa zilirudi zilivyokuwa. Nani angeendelea kulinda mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni pake? Fedha zile zile, au nusu yake, zingeweza kupewa vikundi vyenye uwanja maalum na mkataba wa miaka mitatu. Upande wa zabuni, tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sijui kwa nini kuzoa taka na kukata nyasi za mtaa usiwe ndio mlango wa kwanza.

Hapo awali nilisema vijana huitwa kwa mikono yao. Waitwe pia kwa macho na vichwa. Mwaka 2012 UN-Habitat ilianza kushirikiana na kampuni ya Mojang ya Uswidi, waundaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambamo mtu hujenga kwa matofali ya kuchorwa kwenye skrini. Majaribio ya mwanzo yalifanyika hapa Nairobi, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Baadaye ikafuata bustani ya Jeevanjee, ile aliyoutolea umma mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Wakazi waliketi na vijana mbele ya kompyuta wakajenga uwanja wanaoutaka: njia hapa, taa pale, benchi chini ya mti huu. Sifa ya mchezo huo ni kwamba kijana asiyejua kusoma ramani ya mhandisi anaweza kuonyesha wazo lake, na mzee akalipinga huku analiona.

Usihuzunike kama mtaani kwenu hakuna kompyuta. Chora uwanja kwa kijiti mavumbini, weka vifuniko vya soda kuwa miti na mawe kuwa viti, kisha waite watu. Ila wasichana waulizwe peke yao, mbali na kaka zao. Mvulana akiachiwa uwanja atachora magoli mawili, akamaliza. Msichana atakwambia kuhusu taa, kuhusu pembe iliyojificha nyuma ya kioski, kuhusu mahali pa kuketi ambapo hatapigiwa miluzi. Uwanja ambao msichana wa miaka kumi na mitano hawezi kuupita saa moja jioni haujatengenezwa bado.

Narudi kwenye ardhi, maana vijana wengi wameumizwa hapo. Mahali pakiwa jaa, hapatakiwi na mtu. Mkishapasafisha na kupanda nyasi, bei yake imepanda, na mtamsikia mwenyewe ambaye hamkuwahi kumwona. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza kampeni mwaka 1991 ili bustani ya babu yake isigeuzwe jengo na egesho la magari. Laiti si hivyo pasingekuwa na bustani ya kuchora kwenye Minecraft. Januari mwaka 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliandamana kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Watoto! Dunia nzima ilizitazama picha zile. Ukuta ulianguka na uwanja ukarudi, lakini shule ilikuwa haina hati ya ardhi, na huo ndio uliokuwa mwanya.

Kwa hiyo, kwa wasikilizaji wangu watatu, msianze na reki. Anzeni na karatasi. Vijana wajisajili kama kikundi. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi itawaeleza mengine. Kisha tafuteni namba ya ploti na mwombe upekuzi wa ardhi, kujua imeandikwa kwa jina la nani. Kwa Nairobi kazi hiyo imeingizwa katika mtandao wa Ardhisasa tangu mwaka 2021. Ikiwa ni ya umma, iandikieni kaunti barua ya kuomba kuitunza, mtaje mipaka yake na miaka mnayoomba, nakala kwa mwakilishi wa wadi na kwa chifu, na kila nakala igongwe mhuri wa kupokewa. Pigeni picha za mahali hapo kama palivyo sasa, na takataka zake.

Msikilizaji wa Huruma anasema wao wana barua ya chifu, na anauliza kama inatosha. Haitoshi. Chifu hana mamlaka ya kugawa ardhi ya umma, na barua yake ni ya kuwatambulisha tu. Wa Kayole anasema mtu mmoja amekwisha weka vigingi vinne kwenye pembe za uwanja wao. Huyo asingoje kipindi cha wiki ijayo. Aende na majirani zake wakaombe upekuzi huo wiki hii.